Jibu: Vita vya Sudan, ni dini au madaraka?

Salamu ndugu. Insha yako imekwama kwenye swali moja: vita vya kaskazini na kusini ya Sudan vilisukumwa na dini au na madaraka? Anza na kalenda.

Wanajeshi wa Kusini waliasi Bor, mji wa Kusini, Mei 1983. Juni, Rais Nimeiri akaigawa Kusini kuwa mikoa mitatu, kinyume cha mkataba wa Addis Ababa wa 1972, uliomaliza vita vya kwanza na kuipa Kusini serikali yake moja. Sharia ilitangazwa Septemba. Yaani bunduki zilitangulia sharia, na mafuta ya Bentiu, huko Kusini, yalikuwa yameshagunduliwa.

Halafu tazama mazungumzo ya amani yaliyofanyika hapa kwetu Kenya. Suala la dini na serikali lilipata mwafaka Machakos, Julai 2002. Majeshi, vyeo na mafuta viliwaweka wajumbe wa pande mbili mezani, hasa Naivasha, hadi mkataba ukatiwa saini Nairobi Januari 2005. Mafuta ya Kusini yaligawanywa nusu kwa nusu, baada ya angalau asilimia 2 kwenda kwa majimbo yanayoyazalisha.

Kipimo kikali zaidi ni kuondoa tofauti ya dini uone kama vita vinakoma. Havikukoma. Darfur, magharibi ya Sudan, 2003, Waislamu kwa Waislamu. Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, 2013, Rais Kiir na aliyekuwa makamu wake Machar, wote Wakristo. Khartoum 2023, Burhan, mkuu wa jeshi, na Hemedti, mkuu wa kikosi cha RSF, wote Waislamu.

Tafadhali usiandike kwamba dini ilikuwa kisingizio tu. Serikali ya Rais Bashir wa Sudan iliviita vita vya kaskazini na kusini jihadi na vijana wakaenda kufa wakiamini. Kwa hiyo tenganisha maswali mawili: viongozi waligombania nini, na wapiganaji walipatikanaje.