Asilimia za makabila ya mji wenu zimetoka sensa ipi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Niko Kibaigwa, wilayani Kongwa, mkoani Dodoma. Kikundi chetu kinaandaa andiko la mradi wa elimu ya afya ya mama na mtoto. Mfadhili anataka wasifu wa mji wenye mchanganuo wa makabila na asili za wakazi kwa asilimia, ili aamue vipeperushi viandikwe kwa lugha gani. Kuna jamaa ametuuzia faili lenye asilimia hizo, mpaka tarakimu mbili baada ya nukta, na chini limeandikwa "Chanzo: Sensa 2022". Nimezitafuta kwa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, sizioni. Nitazipata wapi?
*Msomaji, Kibaigwa*

JIBU: Huzioni kwa sababu hazipo. Sensa ya mwisho Tanzania kumuuliza mtu kabila lake ni ya 1967. Swali la dini nalo liliishia hapohapo, ndiyo maana kila sensa ikikaribia malumbano yake hufufuka. Sensa za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 zimepita bila kuligusa kabila. Karani aliyekuja kwenu na kishikwambi Agosti 2022 aliuliza umri, elimu, shughuli, uraia, mahali mtu alikozaliwa, hata aina ya choo. Kabila hakuuliza, na jibu la swali lisiloulizwa haliwezi kupatikana kwenye sensa hata ulipie.

Faili kama hilo hupikwa kwa njia mbili, na zote mbili zinachosha kuzikanusha.

Ya kwanza ni kuchukua uwiano wa 1967 na kuuzidisha kwa idadi ya watu wa leo. Mwaka 1967 Tanzania ilikuwa na watu milioni 12.3. Sensa ya 2022 ilihesabu 61,741,120, na Mkoa wa Dodoma peke yake ukawa na 3,085,625. Anayezidisha anadhani kila kabila limeongezeka kwa kasi ileile na hakuna aliyehama. Sasa tazama hapo ulipo. Mwaka 1967 Kongwa ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mpwapwa, kwa hiyo hata mpaka wa kuhesabia si huu. Baadaye ikaja Operesheni ya Vijiji ya miaka ya 1970 iliyowahamisha watu kwenye vijiji vipya, ikaja barabara ya lami ya Dodoma na Morogoro, likaja soko la mahindi linalovuta wanunuzi, wapakiaji, madereva na mama lishe kutoka kila kona. Na hata kabla ya 1967 eneo lenu halikuwa la kabila moja: Mpango wa Karanga, mashamba makubwa ya serikali ya Uingereza yaliyoanza 1947 na kufa 1951, ulikusanya vibarua wa mbali, na si wote waliorudi kwao.

Njia ya pili ndiyo mbaya zaidi kwa sababu inafanana na utafiti. Mtu anachukua orodha ya majina, iwe ya wapiga kura au ya kaya, anakaa mezani na kuyagawa: huyu Mgogo, huyu Mchaga, huyu Mrangi. Utamgawa vipi Ramadhani Juma? Anaweza kuwa Mrangi wa Kondoa, Mnyaturu wa Singida, Mnyamwezi, au Mgogo wa hapohapo. Utamgawa vipi Neema John? Jina la ukoo lenyewe huhitaji mtu anayezijua koo za eneo lile, tena hubeba upande wa baba tu. Mgawaji anayafahamu vizuri majina ya kwao na machache ya jirani. Yaliyobaki anayatupa kwa "kabila la wengi", halafu anashangaa wengi wamezidi kuwa wengi. Vivyo hivyo kwa anayechukua mahali pa kuzaliwa akapageuza kabila. Mtoto wa Mchaga aliyezaliwa Kongwa, sensa inamhesabu mzaliwa wa Dodoma na haisemi zaidi ya hapo.

Chini ya yote hayo kuna dhana kwamba kila mtu ana kabila moja linalojulikana, kama alivyo na tarehe moja ya kuzaliwa. Kibaigwa ni mahali pabaya sana kuishikilia dhana hiyo. Wagogo hufuata ukoo wa baba. Wakaguru, jirani zenu wa upande wa Gairo, kwa desturi hufuata ukoo wa mama. Baba akiwa Mgogo na mama Mkaguru, mtoto anadaiwa na pande zote mbili. Geuza: baba Mkaguru, mama Mgogo. Kwa desturi za wazazi wake mwenyewe, huyo hana upande. Katika maisha ya kila siku hali hiyo haimsumbui mtu, wanayamaliza wenyewe. Ila mwenye jedwali lazima amweke mahali fulani, na akimweka bila kusema ametumia kanuni gani, jedwali lote halisomeki.

Ukitaka takwimu yenye maana, fanyeni sampuli wenyewe. Anza na barua ya halmashauri, upite kwa mtendaji wa kata na wenyeviti wa vitongoji. Kwao pata orodha ya kaya, kisha izungukie uihakiki, kwa sababu vyumba vya kupanga karibu na soko mara nyingi havimo kwenye daftari. Tuseme orodha imefikia kaya 4,800 nanyi mnataka 400. Gawanya, unapata 12. Okota namba kwa bahati kati ya 1 na 12, ikitoka 7 mnakwenda kaya ya 7, ya 19, ya 31, hivyohivyo. Kaya isiyo na mtu rudini mara tatu, kwa saa tofauti. Msihamie ya jirani kwa kuwa mlango wake uko wazi. Wanaokosekana mchana ndio wapakiaji na wafanyabiashara, na ndio wenye asili zinazotofautiana zaidi.

Kwa kila mwanakaya, wala si mkuu wa kaya tu, ulizeni kabila la baba, kabila la mama, yeye mwenyewe hujitambulisha vipi, alizaliwa wilaya gani, amehamia hapa mwaka gani. Msimsomee orodha ya kuchagua. Aseme, muandike alivyosema. "Sitaki kusema" ni jibu, lipeni safu yake. Wakati wa kupanga majibu tafuteni wazee wa kuwasaidia, maana Mnyaturu na Mrimi ni watu walewale, na anayeitwa na wengine Mmang'ati mwenyewe atakwambia ni Mbarabaig. Mkwavi, ambaye naye huongea Kimaasai, msimtose kwenye kapu la Wamasai kabla ya kumuuliza. Wakazi wenye asili ya Kiarabu, Kisomali au Kihindi nao waulizwe kama wengine, msiwakisie kwa sura au kwa duka.

Kaya 400, kama kila moja ingekuwa huru na nyingine, zingekupa kosa la sampuli la kama asilimia 5 juu au chini kwa kundi lililo nusu ya mji. Kundi la asilimia 3 litaangukia kati ya 1.3 na 4.7, kwa hiyo tarakimu mbili baada ya nukta ni mapambo tu. Na kaya haziko huru: watu wa asili moja hupanga jirani, kosa linakua. Andikeni pia tarehe. Hesabu ya msimu wa mahindi na ya Februari ni miji miwili tofauti. Hata sensa ya 2022 ilihesabu waliolala mahali usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, wakati mizigo sokoni ikiwa imepamba moto.

Asilimia za kupika hazibaki kwenye andiko la mradi. Zinanakiliwa kwenye wasifu wa wilaya, kwenye tasnifu ya mwanafunzi, kwenye mtandao, na baada ya miaka mitatu zina "vyanzo" vinne vinavyonukuliana. Kisha anazishika anayegombea udiwani, au wanaobishana kati ya wafugaji na wakulima nani mwenyeji na nani mgeni. Polisi wamekuwa wakiandika kabila la mtu anapotoa maelezo, na wananchi wanalijua hilo. Ukija na karatasi ya kuuliza makabila bila kueleza kwa nini, utajibiwa kwa woga, au kwa kabila linaloonekana salama.

Tena mfadhili wako anatafuta lugha, na kabila halimpi lugha. Mgogo aliyesoma shule ya msingi alifundishwa kusoma kwa Kiswahili, na kipeperushi cha Kigogo kinaweza kumchosha kuliko cha Kiswahili. Bibi yake asiyesoma hahitaji kipeperushi chochote, anahitaji mtu wa kumweleza kwa Kigogo. Ulizeni akina mama wanaohudhuria kliniki maswali matatu: nyumbani mnaongea lugha gani, unasoma lugha gani bila shida, ungependa kuelezwa kwa lugha gani. Idadi ya watu na kaya chukueni kwenye ripoti za sensa ya 2022, zinashuka hadi ngazi ya kata. Kwenye nafasi ya makabila andikeni: "Sensa haikusanyi taarifa hii tangu 1967, jedwali la lugha limetokana na mahojiano yetu," mweke idadi ya mliowahoji na tarehe.