Nani Atakayemsindikiza

Mwanangu Otieno,

Nimeisoma barua yako kuhusu mwenzako mnayeishi naye hapo Nakuru, ambaye halali tena na amekwambia waziwazi kwamba amechoka kuishi. Unauliza kama polisi watamshtaki ukimfikisha hospitalini. Hofu hiyo ililetwa na kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kinakiuka Katiba. Mpeleke.

Linalonihangaisha mimi ni nani atakayeketi kando yake njiani. Habari za baba yako mdogo Ouma unazijua: baba zako wakubwa walimfunga mikono kwa kamba ya ng'ombe, wakamzungusha kwenye maombi wiki nzima, na hatimaye tukamleta hapa Kisumu, kwenye hospitali kuu ya rufaa tuiitayo Russia, tumejazana kwenye pikapu kama waendao matangani. Muuguzi aliyetupokea, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, hakutuuliza sisi chochote. Alimwambia Ouma, "Ndugu yangu, umekula?" kisha akaanza kuifungua ile kamba mwenyewe, fundo baada ya fundo, huku wanaume wetu wakirudi nyuma. Ouma akamjibu kwa adabu kwamba hajatia kitu kinywani tangu juzi. Hadi leo nikiwakumbuka wale wanaume hucheka, ila zile alama za kamba mikononi mwake sijazisahau.

Ndiyo maana nasema kila siku kwamba mgonjwa wa akili hapelekwi na umati. Baba zako wakubwa watasema kuwa bila umati Ouma asingepanda gari, na pengine wasema kweli, kwa maana alikuwa amekwisha kumpiga jirani. Lakini mwenzako hajampiga mtu. Anayemwamini mmoja atatosha. Muulize bila kuzunguka kama anafikiria kujiua, kwani swali hilo halimtii wazo ambalo hana. Ziondoe dawa zilizomo nyumbani, wala usimwache peke yake usiku. Mkikwama, pigeni 1199, nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu.

Kuhusu kuwaarifu wazazi wake ilhali amekukataza, maoni yangu unayajua, nami nitayameza, kwa kuwa wewe ndiwe unayeuona uso wake kila asubuhi. Ila ningekuwa mimi mama yake, ningetaka kujua kabla jua halijatua.

Mama yako