"Kodeki ya bure"? Mbona soko huria mnalipa!

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Chumbageni hapa hapa Tanga, mie na wenzangu tunapenda redio za ridhaa. Tunabishana kuhusu Codec 2, ile programu ya kubana sauti ya David Rowe wa Australia ambayo yeyote anaruhusiwa kuifungua aone ilivyoandikwa. Mmoja anaiita kodeki ya bure, mwingine kodeki wazi, mie nasema kodeki huria. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Uko sahihi wewe, na ningeishia hapo ila hilo "bure" limenikaa kooni siku nyingi, acha leo nilitoe.

Hivi jamani nani kawaambia Mzungu akisema "frii" basi Kiswahili chake ni bure? Neno lao hilo moja linabeba mambo mawili, kutolipa na kutofungwa, sisi tumejaliwa maneno mawili mbalimbali halafu moja tunalitupa. Huria ni ndugu yake huru, asili Kiarabu, hela haimo humo. Sasa nenda Mgandini asubuhi, beba tenga la nyanya uondoke zako, mwenye mali akikukimbilia mwambie tulia dada, si soko huria hili tangu enzi za Mzee Ruksa? Utarudi Chumbageni umevimba uso. Au nenda Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kipo tangu 1992, waambie ada silipi kwani jina lenyewe linasema huria, uone watakavyokutazama.

Halafu bure ina ubaya mwingine. Huku Pwani ukimwita mtu "mtu bure" ushamtukana, hana maana hana faida. Sasa simu ya mezani ya kidijitali inakula biti 64,000 kila sekunde, Codec 2 inashuka mpaka 700 na mtu bado unamsikia anasema nini, hiyo ndo ya kuitwa kodeki bure?

Na bei siyo hoja kubwa hapa. AMBE, kodeki ile inayotumika kwenye D-STAR, mfumo wa kidijitali wa redio za ridhaa, ni mali ya kampuni, ndani hutazami, unanunua chipu unachomeka unashukuru. Codec 2 iko chini ya leseni ya LGPL, unaisoma, unaichokonoa, unampa mwenzio, hata kuiuza ukipata mteja ruksa, alimradi na yeye usimfiche ilivyoandikwa. Ndo maana wale wa M17, mradi mwingine wa redio za ridhaa za kidijitali, waliichukua wakaitia kwenye mfumo wao bila kumpigia mtu magoti. Huo ndo uhuria wenyewe.

"Kodeki wazi" sina ugomvi nayo, haina ladha lakini inaeleweka, mwacheni. Wanaosema "sosi kodi" ("source code", yaani programu ilivyoandikwa) ndo sijui niwafanyeje, kila nikiisikia namwona afisa wa kodi anakula chipsi.

Na huyo wa bure mwambie akishikilia hivyo, kuanzia leo na yeye tutamwita fundi bure, tuone kama hatanuna.