Leni ya magari yenye watu wengi: ingefaa Kampala?

SWALI: Mhandisi, salamu. Mimi naishi Bweyogerere na nafanya kazi mjini. Kila asubuhi nambeba mke wangu, mtoto wetu na jirani mmoja, na wote tunakaa kwenye jam ya Jinja Road tukizungukwa na magari yenye dereva peke yake. Nilipomtembelea dada yangu Marekani, karibu na Washington, niliona leni iliyochorwa alama ya almasi. Aliye peke yake haruhusiwi kuingia. Sisi tulikuwa watatu, tukapita huku wenzetu wakitambaa. Leni hiyo inafanyaje kazi? Kwa nini tusiwe nayo hapa, hata kama ni kuanzia barabara ya kulipia ya Entebbe? Na je, mtoto anahesabiwa?

JIBU: Ndugu yangu, gari lako la watu wanne linakula lami sawasawa na la yule aliye peke yake mbele yako. Hesabu yote inaanzia hapo. Leni moja ya barabara kuu ikitembea vizuri hupitisha magari 1,800 hadi 2,000 hivi kwa saa. Ukizidi kuyasukuma, mwendo unavunjika, na leni iliyokwama hupitisha magari machache kuliko inayotembea. Ndiyo maana sisi tunaopanga barabara hatupendi kuhesabu magari tu. Tunahesabu vichwa.

Chukua mfano wa kubuni, tuone namba zinavyokwenda. Leni ya kawaida ina magari 1,800 kwa saa, na ukigawanya watu waliomo unapata 1.3 kwa kila gari. Hao ni watu 2,340. Leni ya pembeni yake umeitengea magari yenye watu watatu na zaidi: magari madogo 400 ya watu watatu watatu, teksi 150, zile basi ndogo tunazoziita kamunye, zenye abiria 14 kila moja, na mabasi 50 ya abiria 50. Magari ni 600 tu, theluthi moja ya yale ya kwanza, lakini watu ni 5,800. Anayeitazama kutoka leni ya pili ataapa kwamba iko tupu na serikali imeharibu barabara. Lawama hiyo husikika kila mahali leni kama hizi zinapowekwa, na imeshaziua kadhaa.

Ulipokwenda kwa dada yako ulifika karibu kabisa na chimbuko lake. Barabara ya Shirley Highway, inayoingia Washington kutoka Virginia, ilianza mwaka 1969 kwa kuyapa mabasi njia zao katikati ya barabara. Desemba 1973, dunia ikiwa kwenye shida ya mafuta, magari madogo nayo yakaruhusiwa kuingia, mradi yawe na watu wanne. Baadaye wakashusha hadi watatu. Wakazi walipoona faida yake wakajitungia utaratibu wao, bila ofisi yoyote kuwaagiza: wanaokwenda kazini hupanga mstari kwenye maegesho, dereva anafika, anataja anakokwenda, wawili wa mbele wanapanda, safari inaanza. Hawajuani na hawalipani senti. Dereva anapata vichwa vya kumwingiza kwenye leni, abiria anapata usafiri wa bure.

Watu hao wanapanda magari ya wasiowajua kwa sababu ya dakika, na hapo ndipo ninapotaka uniangalie kwa makini. Leni ya namna hii inauza muda. Isipokuokolea muda wa kutosha, hutajisumbua kumpitia jirani. Wasanifu wa Marekani hutumia kipimo cha kwamba safari nzima iokoe angalau dakika 5, na ikiwezekana 8. Ili iokoe dakika hizo ni lazima leni iipite foleni yenyewe, tangu mkia wake hadi kichwa chake. Ikiishia mita 300 kabla ya raundabauti inayosababisha jam, wote mnakutana palepale mdomoni na faida yote inapotea.

Sasa tuje kwenye barabara ya Entebbe. Tangu tozo ianze Januari 2022, gari dogo hulipa shilingi 5,000 kwa safari nzima, na malipo yanafuata aina ya gari, wala si idadi ya waliomo. Barabara ina leni mbili kila upande. Ukitenga moja, wengine wote wanabaki na moja, na lori moja likipunguza mwendo mlimani linawavuta wote nyuma yake. Isitoshe, mle ndani magari yanatembea. Jam iko kwenye midomo yake, pale magari yanapomwagika Busega au upande wa Munyonyo na kukutana na barabara za kawaida. Kutenga leni mahali pasipo na foleni ni kumpa mtu zawadi ambayo tayari anayo. Kama kuna la kufanya pale, ni kwenye tozo yenyewe. California, kwenye barabara ya 91 yenye leni za kulipia tangu 1995, magari ya watu watatu na zaidi hupunguziwa au kusamehewa malipo. Jambo hilo lingewezekana kwetu bila kugusa hata mstari mmoja wa rangi barabarani, na mimi ningelipigania.

Kunyang'anya leni iliyokwishazoeleka ni hatari nyingine. Machi 1976, Los Angeles ilichukua leni moja kila upande kwenye Santa Monica Freeway na kuyapa magari ya watu watatu na zaidi pamoja na mabasi. Waliobaki kwenye leni nyingine walikasirika, kesi ikafika mahakamani, na baada ya wiki 21 mpango ukafutwa. Tangu hapo Wamarekani wengi hujenga leni mpya kwanza, kisha ndiyo wanaitenga ile mpya.

Jinja Road ndiyo inayonikosesha usingizi, maana huko watu wanateseka kweli. Lakini sheria za Marekani ukizileta kama zilivyo zitakugeuka mkononi. Tuseme umeandika kwenye kibao "watu wawili na zaidi." Gari la kwanza kuingia ni la bosi anayeendeshwa. Dereva mmoja, bosi mmoja nyuma anasoma simu: wawili hao! Hakuna gari lililoachwa nyumbani, hakuna safari iliyopungua, ila wametimiza sheria. Anayefuata ni bodaboda na abiria wake, nao ni wawili. Kwa Marekani pikipiki huruhusiwa kwenye leni hizo kwa sheria, tena hata mwendeshaji akiwa peke yake, lakini kule pikipiki ni chache. Hapa ukiwaruhusu, ndani ya wiki moja leni ni yao. Kwa hiyo kwetu idadi isianzie mbili. Ianzie tatu bila kumhesabu dereva, na boda wapangiwe njia yao wenyewe pembeni, pana na salama, kwa sababu nao ni usafiri wa watu na hawawezi kufutwa kwa kibao.

Kisha kuna suala la upande. Wamarekani huendesha kulia, na leni ya almasi wanaiweka kushoto kabisa, karibu na katikati. Sisi tunaoendesha kushoto tungeiweka kulia. Hilo linalifaa gari lako linalokwenda moja kwa moja hadi mjini. Teksi je? Kamunye inashusha Banda, inapakia Kyambogo, inashusha tena Nakawa, na steji zote ziko ukingo wa kushoto. Ukiiweka kulia, kila mara kondakta akigonga bati dereva atakata leni zote kwenda kushoto, halafu atazikata tena kurudi. Mkatano huo ndio unaovunja mwendo wa kila mtu, na ndio unaogonga watu. Kwa barabara yenye teksi nyingi kama Jinja Road, leni iliyotengwa ama ikae kushoto na steji zichongwe ndani ya ukingo ili anayesimama asizibe wengine, ama vituo vijengwe katikati ya barabara kama walivyofanya Dar es Salaam kwa mabasi ya mwendokasi.

Na nani atahesabu vichwa? Nimesimama mara nyingi pembeni ya barabara saa 12:30 asubuhi, karatasi kwenye ubao, kalamu imefungwa kwa uzi, nikipiga vijistari vitano vitano. Gari linapita mbele yako kwa sekunde mbili. Kioo cha mbele kinaakisi jua linalochomoza. Vya nyuma ni tinti. Unaona kichwa cha dereva, unaona bega la mtu pembeni, na nyuma huoni kitu. Halafu gari linapunguza kidogo kwenye tuta, mlango uko usawa wako, unagundua kuna watoto wawili wa sare za shule wamelala, mmoja kichwa kimeangukia mapajani mwa mwenzake. Uliandika "2", unakata, unaandika "4". Kamera inasoma namba ya gari vizuri sana, lakini vichwa nyuma ya tinti inavibahatisha. Kumsimamisha kila anayeshukiwa nako kunazaa jam mpya.

Watu nao ni wajanja. Marekani wamekamatwa wakiwa na wanasesere waliovalishwa kofia. Jakarta, kuanzia 1992, magari yenye watu chini ya watatu yalizuiwa barabara kuu za katikati ya mji nyakati za msongamano. Ikazaliwa kazi ya "joki": mtu anasimama kando ya barabara ameinua kidole kimoja, anakodiwa ili aketi tu ndani ya gari. Mama mwenye mtoto mgongoni aliinua viwili. Watoto wachanga walitumiwa kama tiketi, na mwaka 2016 serikali ikaifuta sheria. Watafiti waliopima muda wa safari kabla na baada ya sheria kufutwa walikuta jioni ucheleweshaji umepanda kutoka dakika 2.8 hadi 5.3 kwa kila kilomita, na jam ikasambaa hadi barabara ambazo sheria haikuzigusa kamwe. Kwa hiyo, pamoja na majoki wote wale, kanuni ilikuwa inafanya kazi. Nikiwa mtu wa fani hii, tokeo hilo lilinishangaza na kunipa moyo.

Ushauri wangu kwa Jinja Road ni huu: leni ianze na mabasi na teksi zilizosajiliwa. Hizo hazihitaji kuhesabiwa vichwa, maana unazijua kwa rangi na namba, na ndizo zinazobeba watu wengi wa Kampala. Magari ya watu wanne kama lako yaje baadaye, nafasi ikibaki. Najua si jibu ulilolitaka, na wewe unafanya jambo jema kila asubuhi bila kulipwa. Lakini leni ikijazwa mapema mno hakuna atakayepita.

Mtoto anahesabiwa. Virginia na California humhesabu kama abiria kamili hata akiwa mchanga, alimradi ameketi kwenye kiti chake. Aliye tumboni hahesabiwi. Mwaka 2022 mama mjamzito wa Texas alibishana na polisi juu ya hilo na akaandikiwa faini. Mimi ningemhesabu mtoto wako bila kusita, kwa kuwa asiyebebwa na baba yake atapandishwa boda.

Ukitaka kuwasaidia majirani mpeleke hoja kwa halmashauri, hesabuni wenyewe kwanza. Watu watatu wanatosha: mmoja anahesabu magari madogo na waliomo, wa pili teksi na mabasi, wa tatu boda. Andikeni kila dakika 15 kivyake. Chagueni Jumanne, Jumatano au Alhamisi, shule zikiwa zimefunguliwa, saa 12:30 hadi saa 3 asubuhi. Jumatatu na Ijumaa ziacheni, zina namba za peke yake. Simameni karibu na tuta, upande ambao jua halipigi kioo.