Windows na Linux ndani ya kompyuta moja: maswali yenu ya wiki hii

Nasoma chuo, Nyegezi. Tunatakiwa kujifunza Linux, mfumo endeshi mwingine kama Windows, lakini laptopu yangu ina Windows na kazi zangu zote. Niifute?

Usifute kitu, mdogo wangu. Pakua VirtualBox, programu ya bure inayoigiza kompyuta ndani ya kompyuta, uisimike Linux humo ndani. Windows inaendelea na kazi zake, Linux inafunguka kwenye dirisha lake, zote kwa wakati mmoja. Ni kama nyumba ya kupanga: kila mpangaji ana ufunguo wake, ila luku ni moja na anayo mwenye nyumba.

Nimejaribu, ikagoma na kutaja VT-x. Fundi kasema ninunue mashine nyingine.

Usitoe hela bado. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua Performance, halafu CPU. Tafuta neno Virtualization, yaani uwezo wa prosesa kubeba mifumo miwili kwa pamoja; VT-x ni jina lake kwenye prosesa za Intel. Likisomeka Disabled, uwezo upo, umezimwa tu. Inaniuma kila nikiona mtu anauza mashine nzima kwa sababu hiyo.

Zima kompyuta, iwashe huku unagonga F2, F10 au Del, kutegemea aina yake, mpaka uingie BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijaamka. Kwenye prosesa ya Intel tafuta Intel Virtualization Technology. Kwenye AMD ni SVM Mode. Weka Enabled, hifadhi, zima kabisa, kisha washa.

Mfumo endeshi umezoea kutawala prosesa peke yake, na prosesa hizi za kompyuta zetu hapo mwanzo hazikuundwa kubeba watawala wawili. Kampuni ya VMware walipotoa programu yao ya namna hii mwaka 1999 ilibidi iwe inabadilisha baadhi ya amri za mfumo mgeni, yaani ule uliosimikwa ndani, papo hapo. Intel wakaiweka kazi hiyo ndani ya prosesa yenyewe mwaka 2005, AMD wakafuata 2006. Siku hizi mgeni anaendesha amri zake moja kwa moja. Akigusa kisichomhusu, prosesa inamsimamisha na kumwita msimamizi, yaani programu kama VirtualBox.

RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4 inatosha?

Kwa shida. Mpe mgeni GB 1 na nusu, chagua Linux nyepesi. Ukipata hela, fikisha 8.

Mimi ni mama, nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Hesabu zangu ziko kwenye programu inayokubali Windows XP tu, ile Windows ya zamani, na kompyuta yake inakaribia kufa.

Shikamoo mama. Leo hii, kabla ya lolote, nakili hesabu hizo kwenye flashi mbili. Kisha kijana wako asimike XP ndani ya VirtualBox kwenye kompyuta nyingine isiyo mbovu. Programu yako itajiona iko nyumbani. Ila Microsoft waliacha kuilinda XP tarehe 8 Aprili 2014, kwa hiyo aizimie mtandao: Settings, Network, aondoe alama ya tiki. Mashine hiyo ya ndani itakuwa folda tu. Ukiinakili kwenye diski ya nje, umebeba duka zima mkobani.

Umeme ukikatika ghafla?

Diski ya mgeni inaweza kuharibika. Kama betri haikai na chaji, nunua UPS, kifaa cha betri kinachoshikilia umeme kwa muda. Taa zikianza kuyumba, funga dirisha la mgeni na uchague Save the machine state. Umeme ukirudi, utaanzia palepale ulipoishia.