Kabla hamjapeleka orodha ya wachangiaji bora kwenye mkutano

Wadogo zangu mlioingia kwenye kamati ya kuwatambua waliojitolea katika jamii yetu ya lugha ya programu ya Python hapa Tanga, rasimu yenu nimeisoma. Majina kumi, yamepangwa kwa wingi wa komiti, yaani mabadiliko ya msimbo yaliyohifadhiwa kwa Git, programu inayotunza historia ya msimbo, kutoka juu kwenda chini. Ni rasimu ileile ya waliowatangulia, na ya waliowatangulia hao pia. Kila kamati mpya inafungua terminali, inaandika `git shortlog -sn`, inakata kumi za juu, basi. Nawapenda na najua mna haraka, lakini hiyo orodha irudisheni mezani.

1. Wingi wa komiti haupimi mchango.

Hapa tukae kidogo, maana ndipo watu wanapoumizwa. Angalieni kinachotokea kwenye mafunzo ya Jumamosi pale Ngamiani. Watatu wako kwenye laptopu moja: mmoja anasoma ujumbe wa hitilafu, wa pili anajua sababu, wa tatu anachapa. Git haina habari na watu hao. Inachukua `user.name` na `user.email` zilizomo kwenye `~/.gitconfig`, yaani za mwenye laptopu. Mwaka ukiisha, mwenye laptopu ana rundo la komiti, na binti aliyegundua kwa nini majaribio yalikuwa yanafeli hana hata moja. Mkimtuza wa kwanza kwa hesabu hiyo, mmetuza uwezo wa kununua laptopu. Binti hatalalamika. Atapunguza kuja, mwisho hamtamwona tena, na mtakaa mkiulizana kwa nini wanafunzi wapya siku hizi wanakwama.

Dawa ipo, ila iwekwe siku ya kazi, si siku ya kuhesabu. Mwishoni mwa ujumbe wa komiti ruka mstari mmoja, kisha andika `Co-authored-by: Jina <anwani>`, kila mwenza na mstari wake. Bila ule mstari mtupu Git inaiona kama sentensi ya kawaida na haimhesabu mtu. Anwani nayo iwe ileile mhusika aliyoisajili GitHub, tovuti ya kuhifadhi miradi ya Git, la sivyo komiti haitaonekana kwenye ukurasa wake. Kisha hesabuni hivi:

`git shortlog -sn --no-merges --group=author --group=trailer:co-authored-by HEAD`

Inataka Git 2.29 au ya baadaye. Na `HEAD`, yaani hali ya sasa ya mradi, msiiache. Ukiiweka amri hii kwenye skripti ya cron, inayojiendesha yenyewe kwa ratiba, bila `HEAD`, Git inadhani utailetea logi kwa bomba (pipe) kutoka amri nyingine, inasoma ingizo lisilo na kitu, inarudisha ukurasa mweupe. Wapo waliotangaza kwamba robo nzima hakuna aliyefanya kazi kwa sababu ya neno hilo moja.

Hata mkiandika amri sawasawa, namba bado zinadanganya. Mradi mmoja unaunganisha kazi kwa `--squash`, komiti kumi na mbili zinakuwa moja. Mradi wa jirani hautumii, kumi na mbili zinabaki zilivyo. Mtu anajiita jina kamili leo na jina la utani kesho, anagawanyika mistari miwili na wote wawili wanashindwa. Huyo mwunganisheni kwa faili la `.mailmap` kwenye mzizi wa ripo (folda kuu ya mradi), mstari mmoja: `Jina Kamili <anwani ya sasa> <anwani ya zamani>`. Roboti, yaani programu zinazosasisha vifurushi zenyewe, ziondoeni kwenye hesabu. Na `--since` inafuata tarehe ya aliyeingiza komiti, si ya aliyeiandika, hivyo kazi ya zamani iliyofanyiwa rebase (kuhamishiwa juu ya komiti mpya) juzi inajitokeza kama ya mwaka huu.

Halafu kuna wasioonekana kabisa. Tafsiri za Django, zana ya Python ya kujengea tovuti, hufanywa kwenye tovuti ya tafsiri ya Transifex, kisha mtu mmoja wa timu ya tafsiri huzivuta zote na kuziingiza kwa komiti yake. Aliyekesha kutafuta Kiswahili kizuri cha ujumbe wa makosa kwenye fomu hana komiti yoyote. Jina lake liko sehemu moja: kwenye msimbo wa Django fungueni `django/conf/locale/sw/LC_MESSAGES/django.po`, juu kabisa kuna `# Translators:` na majina chini yake. Faili la aina hiyo liko kwa kila sehemu ya Django iliyotafsiriwa, kwa hiyo pitieni na zile za `contrib`, folda ya sehemu zake za ziada.

2. Wakubwa wa kazi hii walishaliona hilo zamani. Jamii ya lugha ya programu ya Perl ilianza kutoa tuzo ya White Camel mwaka 1999 mahsusi kwa kazi isiyo ya msimbo: kuendesha vikundi vya watumiaji, kuandaa mikutano, kuitangaza lugha. Wakfu wa Django nao una tuzo ya kila mwaka kwa kumbukumbu ya Malcolm Tredinnick, mmoja wa wajenzi wa Django wa mwanzo, aliyefariki mwaka 2013. Haipewi aliyeandika msimbo mwingi. Inapewa anayewapokea wageni na kuwalea. Kwa hiyo tafuteni kwenye uhakiki wa puli rikwesti (maombi ya kuingiza msimbo), kwenye tiketi za matatizo zilizofungwa kwa maelezo mazuri, kwenye majibu ya saa nne usiku katika kundi la WhatsApp. Muulizeni na anayefungua ukumbi ni nani aliyebeba projekta na waya wa umeme kila wiki.

3. Pendekezo liandikwe kwa vitendo. "Ana moyo wa kujitolea, ni mfano wa kuigwa" hiyo inamfaa kila mtu, kwa hiyo haimfai yeyote. Angalieni maazimio ya tuzo ya Python Software Foundation (PSF), wakfu wa lugha ya Python: jina, kisha alichofanya, kwa sentensi moja au mbili. Andikeni hivi: "Aliandika upya mwongozo wa kusakinisha Python kwa kompyuta zenye Windows ya zamani, akaujaribu kwenye mashine nne za maabara, na tangu hapo swali la `PATH` (orodha ya folda ambamo kompyuta hutafuta programu) halijaulizwa tena kwenye mafunzo." Kiungo kimoja kwa kila kitendo. Maneno mia mbili yanatosha. Yakizidi hapo, jueni kuna sifa tupu zimejificha ndani.

4. Mjumbe aliyependekezwa, au ndugu yake, au bosi wake, anatoka chumbani jina hilo likijadiliwa.

5. Muulizeni mwenyewe kabla ya kutangaza, kwa kumpigia simu. Jina analotaka lisomwe ni lipi, liandikwe vipi, picha itumike au isitumike, mwajiri atajwe au asitajwe. Wapo wanaofanya kazi hii bila mwajiri kujua, na si haki yenu kuwafichua. Aliye chini ya miaka kumi na minane, ongeeni na mzazi au mlezi. Akikataa tuzo, mshukuruni na jina lake msilitoe hata kwa kudokeza.

6. Msingoje Desemba. Kamati ya PSF inayochagua Fellows, wanachama wanaotunukiwa kwa mchango wao, hupitia mapendekezo kila robo mwaka, na ndivyo inavyofaa. Wekeni faili moja la pamoja lenye tarehe, jina, kitendo, kiungo, na kila mjumbe aongeze mstari siku anapoona jambo. Mkingoja mwisho wa mwaka mtawakumbuka waliofanya kazi Novemba, na aliyeshikilia mafunzo yote wakati wa masika, mvua inanyesha na umeme unakatika, atasahaulika.

7. Zawadi iwe kitu cha kutumika. Kikombe cha plastiki kinakaa juu ya kabati. Barua yenye muhuri inayotaja kazi halisi inamsaidia kijana kwenye usaili, na hiyo gharama yake ni karatasi. Mkiwa na fedha, mpelekeni mkutanoni: DjangoCon Africa, mkutano wa jamii ya Django barani Afrika, ilifanyika Zanzibar mwaka 2023 na Arusha mwaka 2025, kote kunafikika kutoka hapa. Ila tiketi ya kuingilia peke yake haimfikishi mtu. Hesabuni basi la kwenda na kurudi, malazi ya siku zote, chakula, na bodaboda za mjini, kisha mpeni kabla ya safari. Ukisema utamrudishia akirejea na risiti, asiye na akiba hataenda, na atakuambia ana udhuru.

Fedha mkituma kwa simu, hakikisheni kwanza laini imesajiliwa kwa jina la nani. Vijana wengi wanatumia laini ya kaka au ya mama, na mweka hazina akiona jina tofauti atazuia malipo wiki nzima.

Rasimu mpya naisubiri Alhamisi.