npm, Yarn au pnpm: tushike ipi?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Tupo vijana watatu hapa Mwanjelwa, Mbeya, tunaunda mfumo wa stoo kwa mawakala wa mbolea. Kupakua pakeji za JavaScript (vipande vya msimbo vilivyoandikwa na wengine), mmoja anatumia npm, mwingine Yarn, mimi nasikia pnpm inasifiwa. Mradi ukikubali kwa mmoja, kwa mwingine unagoma, na bando tulilochangia linakata kabla ya wiki kuisha. Tushike ipi?

JIBU: Nzuri, mdogo wangu. Hebu fungua kwanza folda ya mradi. Bila shaka utakuta package-lock.json na yarn.lock zimekaa pamoja, na ugomvi wenu unaanzia hapo. Hayo ndiyo mafaili yanayoshikilia toleo kamili la kila pakeji. Mwenzako akiongeza pakeji kwa Yarn, package-lock.json haiguswi, basi mwenye npm anajikuta na matoleo mengine kabisa.

Kuhusu bando, npm nayo ina akiba yake (cache) ya pakeji ilizokwisha kupakua. Ukiongeza --prefer-offline kwenye amri ya kusakinisha, inachukua humo kwanza. Shida ni sisi wenyewe. Kosa dogo tu, mtu anapiga npm cache clean --force, inayofuta akiba yote. Umemwaga ghala zima la mahindi kwa gunia moja lililooza!

Mimi hapa Iringa nilihamia pnpm kwa sababu ya laptop yenye diski ndogo. Inaweka kila pakeji mara moja kwenye ghala moja, halafu miradi yote inaunganishiwa kutoka humo. Miradi mitano yenye pakeji ya React ya toleo moja inabeba nakala moja. Ila mradi ukiwa kwenye diski nyingine, faida hiyo hupati.

Tena pnpm ni kali. Siku ya kwanza mfumo wangu uligoma, nikailaumu hadi jioni. Kumbe nilikuwa naita pakeji ambayo sijaiandika kwenye package.json, yaani orodha ya pakeji za mradi; npm ilinivumilia kwa kuwa pakeji hiyo ililetwa na nyingine.

Yarn ilipotoka mwaka 2016 ilikuwa na maana sana, maana npm ilileta package-lock.json mwaka 2017. Kwa kazi yenu siioni haja yake.

Shikeni pnpm. Kubalianeni kwanza faili la nani ndilo sahihi, mlifute lile jingine, kisha mpige pnpm import; itazaa pnpm-lock.yaml yenye matoleo yaleyale. Mkishaiweka kwenye Git mnakotunza msimbo wa pamoja, futeni na lile la zamani, kila mmoja afute node_modules yake (folda ya pakeji zilizosakinishwa) na apige pnpm install --frozen-lockfile, inayosakinisha bila kubadili faili hilo. Mara hii ya kwanza itakula bando, kwa hiyo msiianze siku ya kukabidhi kazi kwa mteja.